Sura ya Sita: “Each”, Neno la Mmoja Mmoja

Tarehe 11 Agosti 1979 Wanigeria walipanga foleni kumchagua rais, baada ya miaka 13 ya utawala wa wanajeshi. Wagombea walikuwa watano. Kura zilipojumlishwa, Shehu Shagari wa chama cha NPN alikuwa na 5,688,857, akifuatiwa na Obafemi Awolowo wa UPN aliyepata 4,916,651. Kwa wingi wa kura, mshindi alijulikana. Lakini sheria ya uchaguzi ilidai zaidi ya wingi. Vita vya Biafra vilikuwa vimekwisha miaka tisa tu kabla ya hapo, na watunga sheria hawakutaka rais anayebebwa na upande mmoja wa nchi huku pande nyingine zikimkataa. Kwa hiyo walimtaka mshindi awe pia amepata angalau robo ya kura katika kila jimbo miongoni mwa majimbo yasiyopungua theluthi mbili ya majimbo yote.

Nigeria wakati huo ilikuwa na majimbo 19. Chukua kalamu upige hesabu: theluthi mbili ya 19 ni 12 na theluthi mbili. Shagari alikuwa amevuka robo katika majimbo 12. Katika jimbo la 13, Kano, ambalo lilikuwa ngome ya mgombea mwingine, Aminu Kano, alipata kura 243,423 kati ya 1,220,763, yaani chini kidogo ya asilimia 20. Robo ya kura zote za Kano ilikuwa kura 305,190 na ushee. Je, alitimiza sharti au hakulitimiza?

Tume ya uchaguzi ilimtangaza kuwa mshindi. Awolowo akapinga, na shauri likafika Mahakama ya Juu. Richard Akinjide, wakili wa upande wa Shagari, alijenga hoja ambayo Wanigeria wanaisimulia hadi leo: ikiwa sheria inadai majimbo 12 na theluthi mbili, basi Kano ihesabiwe kuwa theluthi mbili ya jimbo, na Shagari atakiwe kupata robo ya theluthi mbili ya kura za huko. Theluthi mbili ya 1,220,763 ni 813,842. Robo yake ni 203,460 na nusu. Shagari alikuwa na 243,423, kwa hiyo ametosha. Tarehe 26 Septemba Mahakama ya Juu iliyaacha matokeo yasimame, na tarehe 1 Oktoba Shagari akaapishwa. Majaji wengi waliona kwamba sharti lilikuwa limetimizwa kwa kiasi cha kutosha. Jaji Kayode Eso alikataa, akaandika hukumu ya kupinga.

Kwa maoni yangu Eso ndiye aliyesoma Kiingereza cha sheria ile sawasawa. Sharti lilibebwa na neno “each”, na neno hilo hugusa kitu kizima kimoja, likakiacha, likaenda kugusa kizima kinachofuata. Halina nafasi ya kipande. Anayesema “each” amekwisha kukubali kwamba anahesabu vitu vizima, na hapo 12 na theluthi mbili haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa 13. Tena hesabu yenyewe ina kasoro. Ukiikata Kano ubakize theluthi mbili, kwa nini kura za Shagari zibaki nzima? Theluthi mbili ya 243,423 ni 162,282, nazo hazifiki 203,460. Ukipima kizima kwa kizima hatoshi. Ukipima kipande kwa kipande hatoshi. Anatosha pale tu ambapo jimbo limekatwa na kura zake hazikukatwa.

Urais wa nchi yenye watu wengi kuliko zote barani Afrika uliamuliwa kwa mabishano juu ya neno la herufi nne. Ndiyo sababu neno hilo nimelipa sura yake peke yake katika kitabu hiki.

Wakenya nao wanalo katika katiba yao. Tangu 1992 walikuwa na sharti la robo ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane, na Katiba ya 2010, Ibara ya 138, ikalihamishia kwenye kaunti: mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti zote. Kaunti ni 47, nusu yake ni 23 na nusu. Lakini walioandika ibara hiyo walitumia maneno “zaidi ya nusu”, na nambari nzima ya kwanza inayovuka 23 na nusu ni 24. Hakuna kaunti inayokatwa vipande. Mwaka 2022 William Ruto alipotangazwa, ilitajwa kwamba alivuka asilimia 25 katika kaunti 39 na Raila Odinga katika kaunti 34. Kila kaunti ilikaguliwa peke yake. Kwa sharti hilo, Lamu yenye wapiga kura wachache ina uzito uleule wa Nairobi: moja ni moja.

Usawa wa namna hiyo ndio uliomo pia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, unaosema kwamba kila mwanachama wa Baraza Kuu ana kura moja. India yenye watu zaidi ya bilioni moja inanyoosha mkono mmoja, na Tuvalu, visiwa vya watu elfu kumi na kidogo, inanyoosha mkono mmoja. Walioandika mkataba huo walichagua “each”. Wangeweza kusema “all members shall vote”, na sentensi ingekuwa sahihi kisarufi, lakini isingetuambia kila mmoja ana kura ngapi.

Mwanafalsafa Zeno Vendler, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Marekani, aliandika mwaka 1962 makala katika jarida la Mind kuhusu maneno haya madogo ya Kiingereza: each, every, any na all. Mfano wake mmoja ni wa kikapu cha matofaa. Nikikuonyesha kikapu nikakuambia uchukue “all of them”, utakizoa chote kwa mpigo, na nitashangaa ukianza kutoa tunda mojamoja. Nikisema “every one of them”, sitashangaa ukitoa mojamoja, mradi usibakize hata moja. Lakini nikisema “take each of them” nikanyamaza, utabaki unanitazama ukingoja niendelee: nichukue kila moja, halafu nilifanye nini? Nilikague? Nilioshe? Nilifunge kwenye karatasi? Neno “each” limekwisha kukufanya ulisimamie kila tunda peke yake, na linadai kuwe na kazi ya kulifanyia tunda hilo kabla hujahamia jingine.

Sijaona maelezo mazuri kuliko hayo katika vitabu vya sarufi tunavyotumia mashuleni. “All” hutazama kundi. “Every” hulitazama kundi likahakikisha hakuna aliyeachwa. “Each” humtazama mmoja, kisha mmoja, kisha mmoja. Ndiyo maana Mwingereza husema “almost every house” akimaanisha karibu nyumba zote, lakini hasemi “almost each house”. Ukiwa umesimama mbele ya nyumba moja, hiyo “karibu” itatoka wapi? Na ndiyo maana “each” hutumika hata kwa vitu viwili, kama mikono, lakini “every” huanzia vitatu. Mtu ana kidonda “on each hand”. “On every hand” itasikika kana kwamba ana mikono kama pweza.

Maneno haya mawili ni ndugu wa damu. Katika Kiingereza cha kale “each” liliandikwa “ælc”. Watu wakitaka kulitia nguvu walitanguliza “æfre”, neno linalomaanisha daima, wakasema “æfre ælc”. Maneno hayo mawili yakasagika yakawa moja: katika karne ya 14, zama za Chaucer, utalikuta likiandikwa “everich”, na ule mwisho wa “each” bado unasikika. Baadaye mwisho huo ukadondoka, likabaki “every”. Wanasheria wanapoandika “each and every”, kwa asili ya maneno wanasema “each” mara mbili. Mapatano yao yamejaa jozi za namna hiyo, na mara nyingi neno la pili haliongezi haki yoyote wala wajibu wowote.

Sisi tunalo “kila”, lililotufikia kutoka Kiarabu, na tunalitumia kwa each na kwa every bila kutofautisha. Ni neno lenye tabia yake. Vivumishi vyetu karibu vyote hukaa nyuma ya nomino: mtu mrefu, watu wote, kiti kile. “Kila” hutangulia, na halibadiliki kwa ngeli yoyote: kila mtu, kila kiti, kila jani, kila uzi. Tena hutaka nomino ya umoja hata pale tunapofikiria umati. Lakini uwezo wa kugawa mmoja mmoja linao kamili. Linganisha: “Wanakijiji wote walibeba gogo.” Hapo naona gogo moja kubwa na watu wamelizunguka, mabega yamegusana. “Kila mwanakijiji alibeba gogo.” Hapo naona magogo mengi, na mstari wa watu njiani. Sentensi zimetofautiana kwa neno moja, na tofauti yake ni rundo zima la kuni.

Na tunayo njia nyingine, ambayo Kiingereza kingefurahi kuwa nayo. Tunarudia namba. Muuza embe sokoni hana haja ya “kila moja”. Anasema, “Mia tano mia tano hizo, chagua.” Mama akigawa chakula anaagiza, “Wape vipande viwili viwili.” Wageni huingia wawili wawili, fomu husahihishwa mojamoja. Ukisikia namba imerudiwa, hubaki na shaka: mgawo ni wa kila mmoja. Mtoto wa miaka minne analielewa jambo hilo, na hakuna aliyemfundisha.

Ninasisitiza hili kwa sababu bila alama ya mgawo, lugha yoyote ile hupotosha. Chukua wosia: “Binti zangu watatu nawaachia ekari mbili.” Ni ekari mbili za kugawana, au ni mbili mbili, jumla sita? Sentensi haisemi. Marehemu alijua, lakini hayupo wa kuulizwa. Kwa Kiingereza ni vilevile: “I leave my three daughters two acres” inabeba maana zote mbili, na neno moja tu mwishoni, “each”, lingemaliza ugomvi kabla haujazaliwa. Kwa Kiswahili lingetosha neno “mbili” kurudiwa. Nimewahi kusikia ndugu wakibishana kwa miaka juu ya sentensi ya aina hii, shamba likiota magugu, na kila upande ukiapa kwamba ndio uliomwelewa mzee.

Hapo mwishoni ndipo “each” linapomchanganya mzungumzaji wa Kiswahili. “Kila” lina makao yake na halihami. “Each” huhama. Mwingereza anaweza kusema “Each child got two mangoes”, au “Each of the children got two mangoes”, au “The children each got two mangoes”, au “The children got two mangoes each”. Maana ni moja: embe mbili mbili. “Every” halina uhuru huo. Lenyewe hukaa mbele ya nomino na haliondoki. Huwezi kusema “two mangoes every”.

Kuhama huko kuna gharama kwenye kitenzi. “Each child has a book”, kwa sababu kiima ni mtoto mmoja. Lakini “The children each have a book”, kwa sababu kiima ni watoto, na “each” limekuja baadaye tu kugawa. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba “each” ni umoja, basi wanaandika “The children each has”, nao wanaamini wametii kanuni. Kanuni waliyopewa ilikuwa nusu. Mwalimu anayeisoma sura hii naomba aiongeze nusu ya pili: tazama kiima, usitazame “each”.

Kosa lingine linatoka kwenye “-ote”. Kwetu “kila mwanafunzi” na “wanafunzi wote” ni maneno jirani, na mtu huchanganya la huku na la kule akaandika “each students” au “every students”. Mbele ya nomino, yote mawili hutaka umoja: each student, every student. Kikija “of”, nomino huwa wingi, kwa kuwa unamchukua mmoja kutoka kundini: each of the students. Na kitenzi hurudi kwenye umoja: each of the students has. Sentensi huenda umoja, wingi, umoja, na hapo ndipo hata wenyewe Waingereza huteleza wakiandika haraka.

Kwenye kukanusha, lugha zote mbili zinakubaliana zaidi ya tunavyodhani. Hatusemi “kila mtu hakulipa” tukaeleweka vizuri. Tunasema “hakuna aliyelipa”, au “si wote waliolipa”. Mwingereza naye huacha “each”, akachukua “none” au “not every”. Na pale ambapo yeye anahitaji maneno mawili, “each other”, sisi tunatia “-ana” kwenye kitenzi na kazi imekwisha: wanapendana, wanadaiana, wanasalimiana.

Tuje kwenye dawa, maana huko neno likikosewa mtu anaumia.

Dawa mseto ya malaria, ambayo hospitali zetu huiita ALu, mtu mzima huipata kama vidonge 24 kwa siku tatu. Maelekezo ya Kiingereza yanasema vidonge vinne, mara mbili kwa siku. Msomaji asiye makini anaweza kuelewa kwamba vinne ni vya siku nzima, avigawe viwili asubuhi na viwili jioni. Maelezo mazuri huongeza “each time”, kila mara: vinne asubuhi, vinne tena jioni. Mara sita kwa vidonge vinne ni 24, na hesabu inafunga. Anayemeza viwili viwili amemeza nusu ya dozi kwa siku tatu, homa imetulia kidogo, vimelea bado viko kwenye damu, na vidonge 12 vimebaki kwenye droo. Mfamasia anayesema “vinne vinne, asubuhi na jioni” amefanya kazi ambayo karatasi iliyochapwa imeshindwa kuifanya. Ila siku ya kwanza, dozi ya pili ina saa yake: humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, bila kungoja jioni. Zinazofuata ni asubuhi na jioni kwa siku mbili.

Kwa muda na vipindi, Kiingereza huchagua “every” kikiwa na namba: every eight hours, every three months. “Each eight hours” haisemwi. Sisi tunasema “kila baada ya saa nane”, na hatupaswi kulidondosha neno “baada”, kwa sababu “kila saa nane” masikioni mwa Mswahili ni saa nane ya mchana, au saa nane ya usiku. Bahasha za dawa zilizoandikwa “1 x 3”, au “kutwa mara tatu”, huacha jambo jingine wazi: watu wengi humeza asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku mzima unapita bila dawa. Kwa baadhi ya dawa za kuua bakteria, saa zilizopangwa sawasawa zina maana. Anayetoa dawa akitaka “every eight hours”, ataje saa zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku.

Hatari kubwa kuliko zote katika kundi hili ni “every other day”. Nimeiona ikitafsiriwa “kila siku nyingine”, maneno ambayo hayana maana yoyote, na msomaji huchukua anachokijua, yaani “kila siku”. Maana yake ni siku moja unameza, siku inayofuata huli dawa, kisha unameza tena. Mama zetu walilisema vizuri: siku moja ndiyo, siku moja hapana. Andika hivyo kwenye bahasha. Ni maneno mengi kidogo, lakini hayana njia ya kueleweka vibaya.

Nimeacha mkataba wa mkopo mwisho kwa sababu ndio unaowafikia watu wengi, na wengi hutia sahihi bila kusoma.

Kikundi cha watu kumi kinakopa shilingi milioni 10. Ukimuuliza mwanachama anadaiwa kiasi gani, atakujibu milioni moja, kwa kuwa ndicho alichopokea mkononi. Katika mkataba, ukurasa wa pili au wa tatu, mara nyingi kuna maneno “jointly and severally”. “Jointly” ni kwa pamoja. “Severally” ni mmoja mmoja, kila mtu akisimama peke yake. Maneno mengine yenye nguvu ileile husema “each of us guarantees the whole amount”. Katika tafsiri za Kiswahili utaona “kwa pamoja na kila mmoja peke yake”, na watu husoma hapo wakadhani kila mmoja analipa fungu lake. Maana ya kisheria ni kinyume kabisa. Kila mmoja, peke yake, anadaiwa deni lote. Tisa wakihama mji, yule mmoja aliyebaki na duka lake anaweza kudaiwa milioni 10 nzima. Akishalipa ana haki ya kuwafuata wenzake wamrudishie mafungu yao, kama atawapata.

Msingi huo ni wa zamani. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ilijengwa juu ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na humo aliyeahidiwa na watu kadhaa kwa pamoja anaweza kumbana yeyote kati yao atimize ahadi nzima, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Mkopeshaji hakuvunja sheria kwa kuweka kipengele hicho. Anajilinda, na bila kinga hiyo huenda asingekopesha watu wasio na hati ya nyumba. Ninachokilalamikia ni lugha. Mama anayeuza samaki, aliyesoma hadi darasa la saba, anawekewa mbele karatasi ya Kiingereza yenye “severally”, anaonyeshwa mahali pa kutia sahihi, na hakuna anayemtajia ile milioni 10 kwa mdomo. Kiswahili kina uwezo wa kulisema jambo hilo kwa sentensi moja fupi: kila mwanachama anadaiwa deni lote, hata kama wenzake hawalipi. Sentensi hiyo ilipaswa kuwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Kuna na mikataba ya namna nyingine, ambayo kila mdhamini hubeba kiasi kilichotajwa na si zaidi. Humo utakuta “each” ikifuatwa na tarakimu: each guarantor up to one million. Hiyo ni salama zaidi kwako, na unaweza kuiomba. Tofauti ya mikataba hiyo miwili, kwa karatasi, ni maneno matatu au manne. Kwa familia ni tofauti ya kubaki na mashine ya cherehani au kuiuza.

Kwa hiyo ukiitwa kudhamini au kukopa na kikundi, na mkataba uko kwa Kiingereza, pitisha kidole mstari kwa mstari utafute “each” na “severally”. Ukilikuta mojawapo, soma kinachofuata: ni fungu au ni deni lote? Kisha muulize afisa mikopo mbele ya wenzako wote, “Hawa tisa wasipolipa, mimi peke yangu nitadaiwa shilingi ngapi?” Usikubali maelezo, taka tarakimu. Mwombe aiandike kwa Kiswahili kwenye nakala yako, atie sahihi yake, ndipo wewe utie ya kwako.